Niandike Juu

Jumamosi hiyo Marion Akoth alitoka kwao Soweto West amevaa gauni lake la kanisani, na majirani hawakumuuliza anaenda wapi. Kibera mtu akivaa gauni la kanisani siku isiyo ya kanisa, watu hujua kuna jambo, na jambo jema likiulizwa-ulizwa huharibika. Walimsalimia tu. Pale kwenye foleni ya maji wakavuta mitungi yao pembeni wakisema injinia apite, viatu visilowe. Walimwita hivyo tangu siku pasta aliposimama akatangaza kwamba mtoto wa Osewe ameitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa kemikali. Wengi hawakujua uhandisi huo ni wa kufanya nini. Mmoja alidhani ni wa dawa za kunguni, mwingine akaapa ni wa mafuta ya ndege. Haikuwa hoja. Jina walilishika kwa mikono yote miwili, na sasa msichana alikuwa mwaka wa tano, mwaka wa mwisho, na bado halijawachosha mdomoni.

Aliyekataa kunyamaza ni mama yake peke yake. Amondi alikuwa mlangoni na beseni lake la omena, dagaa wa ziwani, akizichambua za kuuza jioni.

"Nyathina, mwanangu," alisema bila kuinua macho, "hiyo nguo umevalia yule fundi wa kuchomelea?"

"Nimejivalia mwenyewe, mama."

"Umesoma mpaka macho yakaomba miwani. Halafu unaenda kwa mtu wa vyuma, tena Kawangware, tena wa kutoka Bungoma."

"Mtu wa vyuma ndiye ameniundia mtambo."

"Basi mwambie asante, urudi nyumbani."

Marion alicheka akaenda. Lakini alipofika kwenye kona aligeuka, na akamwona mama yake amesimama, mikono ina magamba ya samaki, kidevu kiko juu, akiwatazama majirani mmoja mmoja kama anayewauliza kama wameona kitu chake kinavyotembea.

Alikwenda kwa miguu. Kutoka Kibera mpaka Kawangware mguu wenye hamu haulalamiki. Alishika Barabara ya Ngong, akapinda pale Dagoretti Corner, akaingia Barabara ya Naivasha, mchoro wake umekunjwa kwapani, na njia nzima alikuwa akirudia maneno ya Timothy. Alikuwa amemwambia, njoo Jumamosi, mtambo utakuwa tayari, na siku hiyo hiyo nitakujulisha kwa mama. Ahadi ya kwanza haikumtia wasiwasi. Ya pili alikuwa ameisubiri muda mrefu. Kila alipoigusa, Timothy alikuwa na sababu: mama anaumwa mgongo, mama amesafiri, mama ana mkutano wa kina mama wa kanisa. Leo hakukuwa na sababu. Jumatatu Marion angesimama na mtambo wake mbele ya walimu ili wamwone kama anafaa kuitwa alichokuwa akiitwa kwenye foleni ya maji. Lakini kilichompiga kifuani zaidi kilikuwa ni leo.

Mtambo wenyewe ulianzia mtaroni. Wauza juisi wa Kawangware hutupa maganda ya machungwa mpaka mtaro unanuka siki, na watu hupita wameshika pua. Marion alipita hapo siku moja akasimama. Kwenye lile ganda, alijua, kuna mafuta. Ukilibonyeza karibu na moto wa mshumaa hurusha cheche. Viwanda huyatia kwenye sabuni, kwenye dawa ya kusafishia, hata kwenye peremende. Ukichemsha maganda, mvuke hubeba mafuta. Ukiupitisha mvuke kwenye bomba lililo ndani ya maji baridi, hurudi kuwa maji, na mafuta huelea juu yake yenyewe. Wenzake darasani walichora viwanda vikubwa kwenye kompyuta. Yeye alitaka kitu ambacho mama wa plotini, kwenye vyumba vya kupanga, anaweza kukiwasha.

Ndipo alipoingia kwenye kibanda cha Timothy Wekulo na mchoro mkononi. Mafundi wa vibanda vya jirani walicheka, wakauliza kama ni roketi. Timothy aliinua kile kinyago cha kuchomelea, macho yake yamezungukwa na masizi, akamsikiliza jinsi mtu anavyosikiliza habari za nyumbani. Aliunda mara ya kwanza, Marion akatia maji, pembeni kukavuja, akamwambia rudia. Wanaume wengi mwanamke akiwarekebisha hununa mpaka jioni. Huyu alicheka akasema, "Sawa, boss lady," akakata pale pabaya akaanza upya. Marion alirudi nyumbani siku hiyo hajui kama anawaza juu ya bomba ama juu ya kile kicheko. Baadaye alijua.

Sasa alipokaribia kibanda alisikia kwanza ule ukimya. Mtaa wa mafundi haunyamazi Jumamosi. Nyundo hujibizana na nyundo. Leo mafundi walikuwa wamesimama, na wateja wa chapati wamesimama na chapati zao, na Wainaina muuza makaa amekunja mikono kama mtu aliyetoa ushahidi akamaliza. Katikati yao alikuwepo mwanamke mfupi, mikono imejaa kwa kusukuma unga, ameshika nyundo nzito ya kuchongea mawe. Miguuni pake lilikuwa limelala pipa dogo la Marion, limetobolewa ubavuni, na lile bomba la shaba ambalo Timothy alilizungusha kwa subira kama anayesuka nywele lilikuwa limekanyagwa na kupondwa likawa kama utepe.

Timothy alikuwa amesimama kando, mikono inaning'inia.

Watu walimweleza Marion kabla hajauliza, kila mmoja na kipande chake. Wainaina alikuwa ameona bomba la shaba. Kawangware, pipa na bomba la shaba ni kitu kimoja tu. Alikwenda akamwita Mama Timo kwenye meza yake ya chapati, akamwambia kwamba kijana wako anaunda mtambo wa kupikia pombe ya chang'aa, mimi ni jirani, nisiposema dhambi itakuwa yangu. Mama Timo hakungoja zaidi. Aliacha chapati juu ya moto ikaungua, akaingia ndani, akatoka na nyundo ya marehemu mumewe.

Sasa mama huyo, Seline kwa jina lake la ubatizo, alimtazama msichana kutoka viatu mpaka miwani.

"Wewe ndiye yule mteja?"

Marion aligeuza uso. Alimtazama Timothy. Lilikuwa swali dogo, na mlango wake ulikuwa wazi. Kijana alihitaji kuvuka kizingiti tu. Timothy alifungua mdomo, akamwangalia mama yake, akaangalia lile bomba, akaufunga.

Kuna kimya kingine kinaingia mwilini kama maji baridi yanavyoingia kiatuni, unakisikia kikipanda. Marion aliinama, akaokota mchoro uliokuwa umemtoka kwapani, akaupangusa vumbi polepole. Kisha akaenda nyuma ya kibanda bila kuita mtu, na Timothy akamfuata.

"Mimi ni mteja?"

"Akoth, nisikize."

"Nimekusikiza mwaka mzima. Leo nauliza kitu moja tu. Mimi ni mteja?"

"Ilinitoka. Aliniuliza hiyo pipa ni ya nani, nikasema ya mteja. Halafu siku zikaenda, ikawa ngumu kuirudisha."

"Mbona ikutoke mteja? Mbona isikutoke Akoth?"

Timothy alipangusa uso kwa mkono wake mchafu na kujichora masizi zaidi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mama ana neno lake, kwamba msichana msomi hali ugali wa fundi. Kwamba anamtafutia msichana wa nyumbani, anayejua jembe. "Anasema utanipenda mpaka siku ya kuvaa ile kofia ya mraba. Ukishaivaa utatafuta mwenye kofia kama yako." Alitazama mikono yake. "Na mimi, kusema ukweli, kuna siku namwamini."

"Kwa hivyo ulinificha, ndiyo siku nikikuacha usichekwe."

Hakukataa. Macho yao yalikutana, na katika yale ya kijana msichana aliona mapenzi yote aliyokuwa akiyajua, yapo, hayajapungua, lakini yameinama kama mtu anayepita mlango mfupi. Hilo lilimuuma kuliko kama angeyakosa.

"Mimi kwetu nimekutaja," alisema. Sauti yake haikupanda. "Mama yangu ananuna kila siku, lakini anakujua. Anajua kazi yako, anajua mpaka lile kovu la mkono wako lilitoka wapi. Sijawahi kukuonea haya, Timothy. Kumbe haya ilikuwa huku."

"Nitaunda nyingine. Naweza anza saa hii."

"Pipa utaziba. Ile neno ndiyo sijui utaichomelea na nini."

Akatoka. Watu walimpisha. Alikuwa ameinua kichwa, jinsi mama yake anavyokiinua, na ni Mungu tu aliyejua kazi ya shingo siku hiyo. Alikuwa karibu kuvuka mtaro aliposikia sauti ya Seline nyuma yake, si ya hasira tena, imechoka.

"Nendeni na pombe zenu kwenu. Sisi hapa tulishazika."

Marion angeweza kuendelea. Gauni lilikuwa zuri, barabara ilikuwa wazi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini lile neno la mwisho lilimshika mguu. Aligeuka.

"Mlizika nani, mama?"

Seline hakutegemea swali. Aliangalia nyundo mkononi kama aliyeiona sasa hivi. Akasema ni Wekulo, baba ya Timothy, fundi wa mawe. Hakuwa mlevi wa kulala njiani. Alikunywa siku moja na wenzake baada ya kazi, akarudi analalamika kichwa. Kesho yake mchana, jua limewaka mpaka mabati yanalia, aliketi kitandani akauliza ni nani amezima taa. Ndivyo alivyouliza, akisema, Seline, washa taa. Na yeye hakuwa na taa ya kuwasha. Hawakumaliza naye juma. Watu wakasema amerogwa, wengine wakasema ni adhabu ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia ni nini.

Timothy alikuwa ametokea pembeni mwa kibanda, na ilionekana hata yeye hakuwahi kusikia habari ya taa.

Marion alirudi hatua zile alizokuwa ameenda.

"Mama, naweza kukwambia ilikuwa nini, ukitaka kujua."

"Wewe utajuaje? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ndiyo kitu nasomea."

Akamwambia, taratibu, kwa maneno ya kawaida, bila hata moja la darasani. Kwamba haikuwa uchawi. Kwamba pombe ina ndugu yake anayefanana nayo kama pacha, mweupe kama maji, ambaye kazi yake ni ya viwandani, kuyeyusha rangi na kuendesha mashine. Kwamba kuna watu huchanganya huyo ndugu kwenye chang'aa ili iwake zaidi na iwe nyingi. Ulimi haumjui. Lakini akifika mwilini hugeuka sumu nyingine, na sumu hiyo hushika mshipa wa macho kwanza.

"Mungu hakumwadhibu mzee," alimaliza. "Mtu alimpa kitu hakujua ni nini. Mimi nasoma ndiyo watu wajue ni nini iko ndani ya kitu kabla hawajaiweka mdomoni. Na hiyo pipa umevunja haikuwa ya pombe. Nipe sufuria yako kubwa, nikuonyeshe."

Kisha Seline akaiweka nyundo chini, na wote wakasikia ilivyogonga jiwe.

Sufuria ilitoka. Marion alivua saa, akakunja mikono ya gauni la kanisani. Alimtuma Timothy maganda mabichi ya machungwa kwa muuza juisi, akamtuma kama fundi anavyomtuma saidia fundi wake, bila kumtazama usoni, na kijana akakimbia. Aliyakata maganda vipande vidogo, akatia maji, akaweka jiwe safi katikati na bakuli juu yake. Juu ya sufuria akakalisha karai lenye tumbo la mviringo, akalijaza maji baridi, ili mvuke ukigonga chini yake udondoke bakulini. Pakabaki upenyo kuzunguka ukingo.

"Hapo mvuke utatoroka," alisema. "Nahitaji kitu ya kuziba."

Seline alitazama huku na huku, halafu akaenda mezani kwake, akakata donge la unga wa chapati, akaanza kulibandika mwenyewe kuzunguka ukingo, akilibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii ni unga nzuri," alinung'unika. "Ikiharibika bure nitajua ni kwa nini nilikataa wasomi."

Moto ulikuwa ule ule wa chapati. Walikaa wakiungoja, mama kwenye kigoda chake, msichana amechuchumaa akibadilisha maji ya karai kila yalipopata joto. Wainaina alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hata chang'aa hupikwa hivyo hivyo, akauliza ni nani ataonja kwanza. Seline alimwambia kwamba ni yeye, maana pua yake ndiyo iliyoleta habari. Watu wakacheka, na Wainaina akawa na shughuli ghafla na magunia yake.

Ndipo harufu ikaanza. Haikuja kwa kishindo. Iliingia kama mgeni mwenye adabu, ikapita kwenye moshi, ikapita kwenye masizi ya vyuma na harufu ya mtaro, na mtu mmoja akageuka, na mwingine, wakitafuta ni nani anamenya chungwa. Hakuna aliyekuwa anamenya. Lilikuwa ni lile lile ganda linalotupwa mtaroni, limerudi limeoga.

Marion aliinua karai kwa kitambaa. Akachukua bakuli kwa uangalifu, akaliinamisha ili mwanga wa jua uingie. Maji yalikuwa meupe, na juu yake kulikuwa na duara ndogondogo za mafuta, zinang'aa, zinakutana na kuachana. Aliyagusa kwa kidole, akamshika Seline mkono, akampaka kwenye kifundo.

Seline alinusa. Alinusa tena. Kisha akaufunika uso kwa mkono ule ule, akakaa hivyo, mabega yanatikisika kidogo, na hakuna aliyejua analilia nini, labda pipa, labda taa.

"Na mimi nimeivunja," alisema hatimaye kutoka nyuma ya mkono.

"Ulikuwa unalinda mtoto," Marion alisema. "Mimi pia mama yangu angevunja."

Seline alipangusa macho kwa leso ya kiunoni, akainuka kama mtu aliyekumbuka kazi. Alienda pale pipa lilipolala, akaligeuza huku na huku kuona kama linazibika. Alipolipindua juu chini alisimama. Akalisogeza kwenye jua. Chini kabisa, kwenye kitako, palikuwa na herufi. Hazikuandikwa kwa rangi. Zilichomelewa, kila moja mshipa wa chuma ulioyeyushwa ukaganda, zimenyooka, zimefanywa na mtu asiyekuwa na haraka. Alisoma kwa kidole, kwa sauti, polepole, jinsi anavyosoma Biblia.

"Akoth. Wekulo." Aliinua macho. "Timothy. Huyu Akoth Wekulo ni nani? Kwetu hakuna mtu wa jina hilo."

Mafundi walitazamana. Marion alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Timothy alitoka pale alipokuwa amejibanza, akaja akasimama katikati ya watu wote, kwenye jua, masizi na yote, na safari hii hakuangalia chini.

"Bado hayuko, mama," alisema. "Ndiye huyu. Anaitwa Marion Akoth, wa Kibera. Nilikudanganya. Si mteja. Nampenda, na nikiangalia maisha yangu mbele namwona yeye tu. Akinikubali nitaenda kwao na wazee. Akinikataa leo mbele ya hawa watu wote, bado si mteja."

Seline alimwacha mwanawe hapo. Alimgeukia msichana, na mtaa mzima ukamgeukia naye.

Moyo wa Marion ulikuwa umeshayeyuka, hilo angelikubali baadaye akiwa peke yake. Ulikuwa unataka kukimbilia ndani ya yale mabega. Lakini alikuwa binti wa Amondi, na alikuwa amefundishwa kwamba kitu kizuri hakipokewi kwa mkono mmoja. Alienda mpaka kwenye pipa, akachuchumaa, akapitisha vidole juu ya zile herufi. Zilikuwa nzuri. Alikumbuka siku zote alizokuja hapo akaona pipa limesimama wima, na yeye hakujua limesimamishwa juu ya jina lake.

"Uliniandika lini?"

"Siku ile ulinirudisha kazi mara ya pili."

"Na ukaniandika chini. Mahali moto unakaa. Pipa ikiwekwa jikoni hakuna mtu angeona."

"Niliogopa."

"Najua." Aliinuka, wakawa uso kwa uso, karibu kiasi cha yeye kuona machozi yalivyochora njia safi kwenye masizi. "Sikatai. Lakini sitakaa chini ya kitu, Timothy. Niandike juu."

"Wapi?"

"Kwa kifuniko. Mbele, mahali walimu wangu wataona Jumatatu, na huyu Wainaina ataona leo. Na usiandike Akoth Wekulo. Hilo bado hujaenda kuliomba kwa baba yangu. Andika Marion Akoth Osewe."

"Na hii ya chini niifute?"

Msichana alitafakari. Kwenye pembe ya mdomo wake tabasamu lilianza, likajaribu kujizuia, likashindwa.

"Iache," akasema. "Itangoja."

Mtu fulani alipiga mluzi. Timothy alicheka kile kicheko chake cha siku ya kwanza, akaanza kukimbia huku na huku akitafuta vijiti vya kuchomelea vilivyokuwa mfukoni mwake mwenyewe. Wainaina, bila kutumwa, alisema kuna fundi wa friji anamjua kule sokoni, Mulei, mwenye bomba za shaba, akaondoka upesi kama anayekimbia mvua. Alipofika mbali kidogo aligeuka, udadisi ukamshinda, akauliza kwa hivyo huyo msichana ni mteja ama si mteja.

"Mteja ni wewe," Seline alimjibu. "Huyu ni wa hapa."

Kisha akamgeukia mwanawe. Kila mtu mtaani alijua kwamba kwake Jumapili hakuna nyundo, hakuna mashine. Aliwahi kumfungia kijana huyo kibanda kwa kufuli kwa sababu ya bawaba moja ya mlango. Sasa alijifunga leso upya kiunoni.

"Kesho utachomelea mpaka hiyo kitu isimame," alisema. "Mungu nitamweleza mwenyewe."

Akamvuta Marion kwenye kigoda chake, akamwambia akae, gauni la watu lisishike masizi, akampa chapati ya moto iliyokunjwa. Akamuuliza kama huyo mama yake wa Kibera anakula chapati. Marion alisema anakula, ila atasema hazifiki za kwao. Seline alisema basi aambiwe aje aseme hapa hapa, wasemezane.

Kifuniko kilikuwa kimenusurika na nyundo. Timothy alikilaza juu ya meza ya chuma, akashusha kinyago, akamwambia Marion asiangalie ule moto. Aligeuza uso, lakini aliuona bado, mwanga wa buluu ukirukaruka kwenye mabati ya kibanda cha pili, ukizimika na kuwaka, herufi moja baada ya nyingine. Alizihesabu moyoni. Ulipozimika kwa mara ya mwisho alisikia kinyago kikiinuliwa.

Aliinuka akaenda. Jina lilikuwa pale, limekaa katikati, bado lina wekundu kwenye mishipa yake, na watu walikuwa wanasogea kulisoma. Alinyoosha mkono, kiganja kikasimama juu yake, mahali joto linapoanza.

"Usiguse," Timothy alisema. "Bado ni moto."

"Najua," alijibu, na mkono hakuuondoa. "Mimi ndiye injinia."